Barua ya Wazi kwa Bunge la Taifa na Wasimamizi wa Sanaa: Msanii Asiadhibiwe kwa Kuzungumzia Siasa na Ndoa

Kwa Waheshimiwa Wabunge wa Bunge la Taifa la Kenya, Waziri anayesimamia masuala ya sanaa na ubunifu, na Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikijua kwamba mna mamlaka ambayo raia wa kawaida hana: mamlaka ya kutunga sheria, ya kupitisha au kukataa andiko la tamthilia kabla halijafika jukwaani, na ya kuamua ni filamu gani itakayoonyeshwa Nairobi, Kisumu na Mombasa na ni ipi itakayobaki kabatini. Ombi langu ni moja. Msikubali sheria yoyote, iwe iliyopo au inayoandaliwa, imwadhibu mwimbaji, mwigizaji, mwandishi, mtangazaji au mwanamichezo kwa sababu tu amesema hadharani anachokiamini kuhusu serikali au kuhusu ndoa za watu wa jinsia moja. Namwombea hivyo anayeziunga mkono ndoa hizo na anayezipinga pia, kwa kuwa kosa la kumziba mtu mdomo halipungui kwa sababu aliyezibwa leo ni yule tusiyekubaliana naye.

Mna haki ya kujua anayewaandikia amesimama wapi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili hapa Mombasa, na kwa muda mrefu nimekuwa mlezi wa chama cha drama. Nimelelewa katika nyumba ya Kiislamu, na ndoa niijuayo katika dini yangu ni ya mwanamume na mwanamke. Imani hiyo sikuiazima kwa mtu na sioni sababu ya kuificha. Wako wenzangu kazini wanaoamini vingine, na wako wazazi wa wanafunzi wangu wanaoona kwamba hata kulitaja jambo hili ni utovu wa adabu. Sote tunaishi chini ya Katiba moja, na ni Katiba hiyo inayonifanya nishike kalamu.

Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, kwa kura za majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba bodi iliyokuwa ikisajili mashirika yasiyo ya kiserikali ilikosea ilipokataa kulisajili shirika linalotetea haki za mashoga na wasagaji. Uamuzi huo ulihusu haki ya watu kujumuika. Haukuhalalisha ndoa ya jinsia moja, wala haukufuta vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyotumika kuyafanya mapenzi ya watu wa jinsia moja kuwa kosa la jinai, ambavyo Mahakama Kuu ilikuwa imekataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Hata hivyo viongozi wengi walizungumza kana kwamba makanisa na misikiti yetu ingelazimishwa kesho yake kufungisha ndoa hizo, na mwaka huohuo Mbunge wa Homa Bay Mjini, Mheshimiwa Peter Kaluma, akaandaa Mswada wa Ulinzi wa Familia. Adhabu kali zilizopendekezwa humo zilijadiliwa sana magazetini. Kilichonitia hofu mimi, kama mtu wa jukwaa, ni sehemu iliyojadiliwa kidogo: ile inayokusudia kuufanya uenezaji wa ushoga kuwa kosa la jinai.

Nawaomba muitazame sehemu hiyo kwa jicho la mtu atakayeshtakiwa kwayo. Mwimbaji anahojiwa redioni, anaulizwa maoni yake kuhusu ndoa za jinsia moja, anajibu kwamba haoni kwa nini serikali iingilie. Je, ametenda kosa? Mwandishi wa riwaya anamchora mhusika shoga, wala hamwui katika sura ya mwisho, bali anamwacha aishi. Je, huyo naye ameeneza? Mwanariadha anapiga picha ughaibuni na rafiki yake aliyeoana na mwanamume mwenzake, kisha anaiweka mtandaoni na salamu za heri. Hakuna wakili anayeweza kumwambia yeyote kati ya hawa, kwa uhakika, kwamba yuko salama. Sheria ya namna hiyo inafanya kazi yake kubwa kabla polisi hajamkamata mtu, maana kila mmoja anaanza kujikagua mwenyewe na kukata zaidi ya alichoagizwa.

Uganda wamekwisha kuifuata njia hiyo. Sheria iliyotiwa saini na Rais Museveni tarehe 26 Mei 2023 inaruhusu kifungo cha hadi miaka 20 kwa anayepatikana na hatia ya kueneza ushoga, na kampuni inayopatikana na hatia hiyo inaweza kutozwa faini ya shilingi bilioni 1 za Uganda na kusimamishiwa leseni. Mahakama ya Kikatiba ilipoipitia sheria hiyo Aprili 2024 ilifuta vifungu vichache, ila kosa la uenezaji likabaki. Mhariri wa kituo cha redio cha Kampala anayetaka kumwalika msanii wazungumzie jambo hili sasa anapaswa kupima, pamoja na uzito wa mazungumzo yenyewe, kama kituo chake kitakuwepo mwakani. Sitaki mhariri wa Nairobi au wa hapa Mombasa afikishwe hapo.

Sisi wenyewe tuna historia yetu, na si ndefu sana kiasi cha kusahaulika. Mwaka 2018 filamu ya Wanuri Kahiu iitwayo Rafiki ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes. Kabla haijafika huko, Aprili mwaka huo, bodi ya filamu iliipiga marufuku nyumbani kwa madai kwamba ilikusudia kuhalalisha usagaji kinyume cha sheria. Mwongozaji alieleza kwamba bodi ilitaka mwisho wa hadithi ubadilishwe, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno na haukuonyesha majuto ya kutosha. Naomba mlitafakari hilo kwa makini. Hakukuwa na tuhuma kwamba filamu imemtusi mtu, imechochea vurugu au imemdhalilisha mtoto. Hitilafu iliyoonekana ni kwamba wasichana wawili wa kubuni hawakuadhibiwa vya kutosha na mtunzi wao. Nimefundisha fasihi miaka mingi, na sijaona popote katika Katiba yetu ambapo ofisi ya serikali imepewa kazi ya kuamua riwaya au filamu iishie vipi.

Mahakama Kuu, chini ya Jaji Wilfrida Okwany, ilisimamisha marufuku hiyo kwa siku 7 mnamo Septemba 2018 ili watu wazima waliotaka kuitazama waitazame. Jaji alieleza kwamba hakuamini kuwa Kenya ni jamii dhaifu kiasi kwamba misingi yake ya maadili itatikiswa kwa kutazama filamu tu. Kumbi zilijaa, na siku hizo zilipokwisha watu walirudi makwao na nchi ikaendelea na shughuli zake. Aprili 2020 jaji mwingine wa Mahakama hiyohiyo alikataa ombi la kuifuta marufuku, na kwa hiyo ninajua kwamba jambo hili haliwezi kuachiwa mahakama peke yake: majaji hutofautiana, na wanafasiri sheria mliyowapa. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, ambayo bodi huitegemea, ilitungwa katika siku za mwisho za utawala wa mkoloni, na ilianza kutumika mwaka 1963. Walioitunga hawakuwa wakifikiria uhuru wa msanii wa Kiafrika; walikuwa wakifikiria namna ya kumchunga.

Kuna tukio jingine ambalo hulikumbuka kila ninaposikia kwamba marufuku hizi zinatukinga na maneno ya kigeni. Tarehe 25 Julai 2015, Rais Barack Obama alisimama Ikulu ya Nairobi na kutetea hadharani haki za mashoga, na Rais Uhuru Kenyatta, aliyekuwa kando yake, akajibu kwa heshima kwamba kwa Wakenya jambo hilo si la kipaumbele. Maneno yote yalirushwa moja kwa moja. Watoto wangu waliyasikia, mama yangu mzee aliyasikia, tukayajadili sebuleni usiku ule, na hakuna aliyependekeza kwamba televisheni izimwe. Miezi michache baadaye, Februari 2016, kundi la wanamuziki wa Kenya lilitoa video iliyosema mambo yaleyale kwa lugha ya muziki, na bodi ya filamu ikaipiga marufuku na kuitaka kampuni ya Google iiondoe YouTube. Kwa hiyo mgeni mwenye cheo aliruhusiwa kusema akiwa Ikulu, akapewa na gwaride la heshima, na mwenyeji asiye na cheo akanyimwa nafasi ya kusema kwao. Nilivyoona mimi, aliyekingwa hapo hakuwa mtoto wa Kenya, kwa sababu mtoto alikuwa amekwisha kuyasikia. Alichopokonywa Mkenya ni nafasi ya kulijadili jambo hilo kwa sauti yake mwenyewe na kwa lugha yake.

Wenye kutetea marufuku husema kwamba mtu mashuhuri hafanani na raia wa kawaida, kwa kuwa ana wafuasi malaki, na vijana huiga anachosema. Hoja hii ina uzito na nisingependa kuipuuza, kwa kuwa ninaishi na vijana kila siku na ninaona wanavyonyoa nywele kama wachezaji wao na kuvaa kama waimbaji wao. Lakini mtindo wa nywele na msimamo kuhusu ndoa haviingii moyoni kwa mlango mmoja, na ushahidi mkubwa wa jambo hili unatoka mahali pasipotarajiwa, yaani California, makao ya Hollywood.

Mwaka 2008 wapigakura wa jimbo hilo waliulizwa, kupitia pendekezo lililojulikana kwa namba 8, kama katiba ya jimbo itamke kwamba ndoa inayotambuliwa ni ya mwanamume na mwanamke tu. Mastaa wa filamu waliotoa msimamo, kwa sehemu kubwa, walilipinga pendekezo hilo. Brad Pitt alichanga dola 100,000 kulipinga, Steven Spielberg na mkewe vilevile. Gavana mwenyewe, Arnold Schwarzenegger, ambaye alikuwa mwigizaji mashuhuri kabla hajaingia katika siasa, alikuwa upande huohuo. Pande zote mbili kwa pamoja zilikusanya zaidi ya dola milioni 80. Kama kuna mahali duniani ambapo sauti za watu mashuhuri zingeweza kuwaswaga wapigakura kama mbuzi, basi ni hapo. Tarehe 4 Novemba 2008 pendekezo lilipita kwa takriban asilimia 52. Siku hiyohiyo wapigakura walewale walimpa Obama ushindi mkubwa jimboni humo. Waliwasikiliza mastaa, wakawasikiliza wahubiri wao, wakatazama matangazo ya pande zote, kisha kila mmoja akaingia kituoni na kuamua kila swali peke yake.

Matokeo yale baadaye yalibatilishwa mahakamani, na tarehe 26 Juni 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani ikahalalisha ndoa za jinsia moja nchi nzima. Wanaohofia wasanii hupenda kuruka kutoka kwa wimbo hadi kwa uamuzi huo kana kwamba wa kwanza ulimzaa wa pili. Ukweli ni kwamba katikati yake kulikuwa na kesi, mashahidi, hoja za mawakili na majaji walioandika sababu zao, watano wakikubali na wanne wakipinga. Mataifa mengine yaliyowapa watu wao nafasi ya kusema yalifikia majibu tofauti. Kroatia ilipiga kura Desemba 2013, na karibu thuluthi mbili ya waliopiga kura wakaamua kwamba katiba yao itaje ndoa kuwa ya mwanamume na mwanamke. Ireland, nchi iliyoshikilia Ukatoliki kwa karne nyingi, ilipiga kura tarehe 22 Mei 2015 na asilimia 62 wakakubali ndoa za jinsia moja, baada ya kampeni ambayo sheria iliwataka watangazaji wa redio na televisheni kutenda haki kwa pande zote mbili. Hakuna kati ya nchi hizo mbili iliyohitaji kumfunga mwimbaji ili ifike ilikofika.

Ninazitaja kura hizo kwa sababu njia yetu ni hiyohiyo. Kifungu cha 45(2) cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba kila mtu mzima ana haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti kwa hiari ya wote wawili. Kifungu hicho kimo katika Sura ya Haki, na Kifungu cha 255 kinasema kwamba badiliko linalogusa Sura ya Haki lazima lipelekwe kwa wananchi katika kura ya maamuzi, ambapo angalau asilimia 20 ya wapigakura waliosajiliwa katika angalau nusu ya kaunti wajitokeze, na walio wengi wakubali. Ngome iliyowekwa kuzunguka suala la ndoa ni imara kuliko wimbo wowote. Msanii aimbe usiku kucha, Kifungu cha 45 kitaamka asubuhi kikiwa palepale. Anayemwogopa msanii huyo, kwa maoni yangu, hajaiamini Katiba aliyoapa kuilinda. Na ikitokea siku moja kwamba Wakenya wataulizwa swali hilo, upande wowote utakaoshinda utahitaji kuwa umeshindana kwa hoja, kwa kuwa kura iliyopigwa baada ya upande mmoja kufungwa mdomo haitaheshimiwa na walioshindwa.

Kifungu cha 33 kinautaja uhuru wa ubunifu wa kisanaa waziwazi, sambamba na uhuru wa kutafuta na kutoa habari. Kifungu hichohicho kinaweka mipaka yake: propaganda ya vita, uchochezi wa vurugu, maneno ya chuki na kuhimiza uhasama. Mipaka hiyo naikubali yote, na ningependa itumike pande zote kwa kipimo kimoja. Robert Kyagulanyi wa Uganda, yaani Bobi Wine, alinyimwa viza ya Uingereza mwaka 2014 kwa sababu ya nyimbo zake za zamani zilizowashambulia mashoga. Msanii ana haki ya kuimba kwamba ushoga ni dhambi; hana haki ya kuhimiza mtu achomwe moto, na wimbo unaofanya hivyo hauwezi kujificha nyuma ya Kifungu cha 33 hapa kwetu wala nyuma ya maadili ya dini yangu. Lakini yaliyofuata yanafundisha zaidi. Kyagulanyi aliingia Bunge mwaka 2017, akakamatwa na kupigwa Agosti 2018, na baadaye akaeleza kwamba amejifunza kuvumiliana na watu wasiofanana naye. Katika uchaguzi wa 2021 Rais Museveni alidai kuwa mpinzani wake huyo alikuwa akitiwa moyo na wageni na mashoga. Mtu mmoja, katika muda usiofika miaka 10, alilaumiwa ng'ambo kwa kuwachukia mashoga na akalaumiwa nyumbani kwa kuungwa mkono nao. Aliyabadili mawazo yake kwa kuwa watu walibishana naye hadharani, naye akawajibu hadharani. Sheria ya kufunga midomo ingeyagandisha mawazo yake pale yalipokuwa mwaka 2014.

Nawakumbuka pia wale wanaolipia gharama wakiwa upande ambao wengi wetu wa dini tungeuita wetu. Bondia Manny Pacquiao wa Ufilipino alisema Februari 2016 kwamba mashoga ni wabaya kuliko wanyama. Kampuni ya Nike ikavunja mkataba naye, akaomba radhi kwa kuwaumiza watu ingawa hakuacha imani yake, na miezi mitatu baadaye wananchi wakamchagua kuwa seneta. Maneno yake yalikuwa ya ukatili, na sitayatetea. Ninachokiona ni kwamba kampuni ilitumia haki yake ya kuchagua nani aitangaze, wapigakura wakatumia yao, na hakuna polisi aliyebisha hodi kwake. Hivyo ndivyo hesabu za maneno zinavyopaswa kulipwa, kati ya mtu na jamii yake, bila dola kuingia na pingu.

Nimeandika mengi kuhusu ndoa, lakini jambo hili ni pacha wa siasa, na historia yetu inaonyesha kwamba kifaa kinachotengenezwa kwa jina la maadili hutumika baadaye kwa kazi nyingine. Ngugi wa Thiong'o alichukuliwa nyumbani kwake mwisho wa Desemba 1977 na kuwekwa kizuizini bila kesi kwa takriban mwaka mmoja, baada ya wanakijiji wa Kamiriithu kuigiza tamthilia ya Kikuyu iliyozungumzia ardhi na tabaka. Mwaka 1982 ukumbi wao ukabomolewa. Hakukuwa na suala la ushoga pale. Aprili 2025 wasichana wa Shule ya Upili ya Butere walifika Nakuru kwa tamasha la kitaifa la drama na tamthilia iliyoandikwa na aliyekuwa Seneta wa Kakamega, Cleophas Malala, kuhusu vijana na utawala. Mahakama ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuigiza. Mtunzi wao alizuiliwa na polisi, vitoa machozi vikarushwa, na wasichana wale wakaimba wimbo wa taifa kisha wakaondoka bila kuigiza. Walikuwa watoto wa shule waliovaa sare. Mimi kama mlezi wa drama niliitazama habari ile nikiwafikiria wanafunzi wangu mmoja mmoja, na sijui ningewaambia nini kama tungekuwa sisi.

Tangu hapo nimeona mabadiliko katika mazoezi yetu ambayo hayataonekana katika ripoti yoyote. Mwanafunzi anaandika onyesho kuhusu chifu mla rushwa, na kabla sijasema neno mwenzake anauliza kama tutapata matatizo. Wakati mmoja afisa mmoja aliyekuja kukagua mazoezi alituomba tuondoe mistari iliyomtaja kiongozi ambaye hata jina hakuwa nalo, akisema ni kwa usalama wetu wenyewe. Tuliiondoa. Onyesho likapanda jukwaani likiwa salama na tupu, na watoto walioliandika hawakujitolea kuandika mwaka uliofuata.

Waheshimiwa, baadhi yenu mnajua kuliko mimi thamani ya sauti ya msanii, kwa sababu mmeitumia. Mwaka 2002 muungano wa NARC uliutwaa wimbo wa Gidi Gidi Maji Maji ukaufanya wa kampeni, na nchi nzima ikauimba Rais Moi akiondoka madarakani. Mwimbaji Jaguar alichaguliwa Mbunge wa Starehe mwaka 2017. Kila msimu wa uchaguzi wanamuziki hupandishwa magari ya kampeni na kulipwa wawaambie vijana wampigie nani kura, na hakuna anayelalamika kwamba watu mashuhuri wanajitia katika siasa. Hamwezi kuwataka waseme tunapokaribia kura na kuwataka wanyamaze kura zikishahesabiwa. Anayestahili kusikika anapomsifu mgombea anastahili kusikika anapomuuliza mgombea huyohuyo, miaka miwili baadaye, ahadi zilikwenda wapi.

Nakubali kwamba watoto wanahitaji ulinzi, na hapa sina mgogoro na bodi. Kazi ya kuainisha filamu kwa umri ni kazi njema: mzazi anastahili kujua kabla hajakata tiketi kwamba filamu fulani ni ya waliotimiza miaka 18. Kuainisha kunamwachia mzazi uamuzi wake. Kupiga marufuku kunamnyang'anya uamuzi huo mzazi pamoja na mtu mzima asiye na mtoto, na katika siku hizi za intaneti hakumlindi hata mtoto aliye na simu mfukoni, ambaye anaipata filamu iliyokatazwa haraka zaidi kwa sababu imekatazwa, akiitazama peke yake bila mkubwa wa kumuuliza.

Nakubali pia kwamba viongozi wa dini wana haki ya kulipinga jambo hili kwa nguvu zao zote, kutoka mimbari hadi redioni. Haki hiyo haiwezi kusimama kwa mguu mmoja. Binyavanga Wainaina alipoandika Januari 2014 kwamba yeye ni shoga, alikuwa mmoja wa waandishi wetu mashuhuri zaidi duniani. Wako waliomlaani na wako waliomshukuru, mashehe na wachungaji walijibu, wasomaji waliandika, na serikali haikumkamata. Alifariki tarehe 21 Mei 2019, siku 3 kabla ya Mahakama Kuu kutoa uamuzi wake kuhusu vifungu vya 162 na 165. Mimi sikukubaliana naye katika mambo kadhaa, ila nchi iliyobishana naye kwa miaka ile 5 ilikuwa nchi niliyojivunia kuliko ile iliyofukuza wasichana wa shule jukwaani kwa vitoa machozi.

Kwa hiyo ninaomba Bunge liondoe kosa la uenezaji katika Mswada wa Ulinzi wa Familia na katika mswada mwingine wowote utakaoufuata, na kuacha sheria zilizopo za uchochezi na vitisho zifanye kazi yake. Ninaomba Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani ifanyiwe marekebisho ili bodi ibaki na mamlaka ya kuainisha kwa umri na kutoa tahadhari kwa watazamaji, na ili kukataza kazi ya sanaa kuwezekane kwa amri ya mahakama tu, baada ya mtunzi kusikilizwa, kwa misingi iliyotajwa katika Kifungu cha 33 na si mingine. Ninamwomba Waziri atoe mwongozo wa maandishi kwa tamasha za shule, unaosema kwamba mwanafunzi hataondolewa jukwaani wala mwalimu wake kuhojiwa kwa sababu onyesho limeikosoa serikali.

Na Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi ya kutunga sheria. Siku kamati yenu itakapoketi kuujadili mswada wowote unaogusa mambo haya, nawaomba mwaalike waimbaji, waigizaji na waandishi, wanaounga mkono na wanaopinga, waimba injili na waimba kaswida pamoja na wale mnaowaona wapotovu, na kila neno lao liandikwe katika kumbukumbu rasmi za Bunge bila kukatwa. Nitakuwa tayari kusafiri kwa gharama yangu kuja kutoa maoni hayahaya mbele yenu, pamoja na mwanafunzi wangu yeyote ambaye mzazi wake ataridhia. Nitashukuru kupata jibu lenu kwa maandishi.

Wenu mtiifu,

Mwalimu wa Kiswahili na mlezi wa chama cha drama, Mombasa